Mhudumu Akiondoka, Mchezo Ubaki

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akibisha hodi, wengi wetu hukimbilia mambo mawili: kusogeza vyombo vichafu pembeni na kutafuta kadi ya kliniki. Mgeni anakaribishwa kiti cha plastiki, anapekua kadi, anauliza chanjo, anapima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi tatu, anaandika kwenye daftari, anaaga. Robo saa haijaisha. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitatu, nakushauri umcheleweshe kidogo. Kazi ambayo faida yake itaonekana hadi mtoto anamaliza sekondari ndiyo anayoiruka mara nyingi, nayo ni kukaa chini na wewe mkacheza na mtoto.

Najua utaniuliza, nani asiyejua kucheza na mtoto? Hata mimi ningeliona jambo hili dogo kama nisingesoma habari za watoto wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini katika mji huo. Walikuwa na miezi 9 hadi 24, na wote walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipata kilo moja ya maziwa ya lishe kila wiki. Kundi jingine lilitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki na mhudumu wa jamii aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Kundi la tatu lilipata maziwa na matembezi, la nne halikupata maziwa wala mchezo. Mradi ulidumu miaka miwili, ukafungwa.

Miradi ikifungwa, kwa kawaida watu hukusanya virago. Hawa hawakufanya hivyo. Waliwafuata watoto wale wakiwa na miaka 7, 11, 17, 22, hadi 31. Mwisho wa ile miaka miwili, maziwa yalikuwa yamesaidia na mchezo ulikuwa umesaidia, na waliopata vyote viwili walikuwa mbele kuliko wote. Lakini miaka ilivyokwenda, faida ya maziwa kwenye akili na masomo ilififia mpaka ikapotea. Faida ya mchezo ilibaki. Wakiwa na miaka 17, vijana waliochezewa utotoni walisoma na kuelewa vizuri zaidi, wachache zaidi kati yao walikuwa wameacha shule, na walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko wenzao. Wakiwa na miaka 22, kipato chao kilizidi cha wenzao kwa asilimia 25. Walipofika 31, malipo yao kwa saa yalikuwa juu kwa asilimia 43.

Watoto 129 ni wachache, na Kingston si Kigoma. Mtu akikuahidi kwamba mwanao atalipwa asilimia 43 zaidi kwa sababu ulimchezesha na bakuli, mkatalie. Ninachokichukua mimi kutoka Jamaika ni kitu kimoja ambacho kila mzazi anaweza kukitumia: kilichodumu ni kile mama alichojifunza kufanya mwenyewe, akaendelea nacho mgeni alipoacha kuja.

Wala usiende nyumbani ukapunguze uji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto mwenye njaa hachezi. Mlishe kwanza. Ila ukishamlisha, usidhani umemaliza, maana akili nayo ina mlo wake.

Sasa tuje kwenye kiti cha plastiki. Tuseme mtoto ana miezi 14, ameketi mkekani, mbele yake bakuli tatu za ukubwa tofauti. Mhudumu wa aina ya kwanza anapiga magoti, anampangia mtoto bakuli, anaimba, anachekesha. Mtoto anafurahi kwelikweli. Mama kaenda kuosha vyombo, kwa sababu leo kapata wa kumshikia mtoto. Saa inaisha, mgeni anaondoka, na ujuzi wote unaondoka naye. Nimeona matembezi ya namna hii yakisifiwa kwenye taarifa, kwa sababu mtoto alicheka na kwenye picha alitoka vizuri.

Mhudumu wa aina ya pili anaketi ubavuni pa mama.

“Mama Neema, hebu mpe wewe hilo dogo. Halafu subiri.”

“Nikishampa nifanyeje, dada?”

“Usifanye kitu. Mwangalie tu.”

Mtoto analigeuza bakuli, analigonga sakafuni, kisha anainua macho kumtazama mama yake. Hapo ndipo pa kuingilia. “Ee, umegonga! Ko, ko, ko!” Mtoto anagonga tena, safari hii kwa nguvu, na macho yanarudi kwa mama. “Umesikia linavyolia? Na hili kubwa je?” Dakika tatu zimepita. Mhudumu hajagusa bakuli hata moja. Kazi yake imekuwa kumnong’oneza mama, na baadaye kumwambia waziwazi: “Umeona alivyokungoja umjibu? Wewe ndiye mwalimu wake.” Sifa hiyo kwa mama ni sehemu ya somo. Kingston walisisitiza hivyohivyo, kwamba mama atiwe moyo, naye amsifu mtoto, na wote wawili watamani kurudia kesho.

Kwa hiyo mgeni akija, usimwachie mtoto ukaenda jikoni. Kaa. Akianza kucheza yeye, mwombe kwa adabu: “Dada, nielekeze na mimi nijaribu ukiwa hapahapa.” Akitaka kuondoka, muulize swali moja: “Wiki hii nifanye nini na mtoto, na wiki ijayo nitegemee kuona nini?” Mhudumu aliyefunzwa malezi atakuwa na jibu la kueleweka: mwite kwa jina akiwa nyuma yako uone kama anageuka, mpe vijiko viwili avigonganishe, mtajie sehemu za uso wakati wa kumwogesha. Asiye na jibu hajakukosea. Pengine semina aliyohudhuria ilihusu malaria na kifua kikuu tu. Lakini ukishajua hivyo, utajua pia kwamba pengo hilo ni lako kuliziba.

Pengo lenyewe ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Grantham-McGregor na mwenzake Christine Powell waliwahi kulinganisha hukohuko Jamaika idadi ya matembezi, na mwaka 1989 wakachapisha walichokiona. Watoto waliotembelewa kila wiki walipiga hatua kubwa. Waliotembelewa kila baada ya wiki mbili walipata faida ndogo. Waliotembelewa mara moja kwa mwezi hawakutofautiana na wale ambao hawakutembelewa kabisa. Wahudumu wetu wengi wana kaya chungu nzima za kuzungukia, na akikufikia mara moja kwa mwezi una bahati. Basi chukulia hilo tembezi la mwezi kuwa siku ya kupewa kazi, na kazi yenyewe ifanyike siku zile nyingine ambazo hayupo.

Inafanyikaje? Hapa wazazi wengi hukosea kwa kuitafutia muda maalumu, kisha muda unakosekana. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukaanga vitumbua hana nusu saa ya “mchezo wa kukuza akili.” Lakini anamwogesha mtoto, anamlisha, anambeba, anamvalisha. Ongea naye humohumo. “Leta mkono. Huu mmoja. Na wa pili uko wapi? Huu hapa.” Ukichambua mchele na yeye yuko miguuni, mpe vifuniko vya sufuria. Ukianua nguo, mwache akuletee kanga nyekundu, na akileta ya bluu mwambie, “Hii ya bluu, asante, sasa tuitafute nyekundu.” Zungumza lugha unayoiongea bila kujikaza, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kigiriama au Kimakonde. Mzazi anayemsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza ili awahi kuzoea shule anampa maneno machache na makavu, wakati angempa maneno elfu ya kwao yenye chumvi.

Vifaa visikutoe jasho. Vya Kingston vilitengenezwa kwa vitu vinavyotupwa, chupa za plastiki na mfano wake. Mhudumu alikuwa akiviacha nyumbani, na wiki inayofuata anavibadilisha na vingine. Chupa tupu ya maji ya nusu lita yenye punje za mahindi ndani ni kayamba nzuri sana. Kaza kifuniko, kifunge kwa plasta, na kikague kila asubuhi kama hakijalegea, kwa sababu punje ikitoka itaishia puani au kooni. Visoda viweke mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu: vinakata, na ukubwa wake ni uleule wa kumziba koo. Fundi seremala yeyote atakupa vipande vya mbao bure, wewe uvipige msasa mpaka vilainike. Kata picha za magazeti na kalenda za zamani, ubandike kwenye vipande vya boksi, uvishone kwa uzi mnene upande mmoja, na umepata kitabu. Kikichanika, tengeneza kingine. Simu sikuiweka kwenye orodha hii kwa makusudi. Katuni haimsubiri mtoto agonge bakuli ndipo imjibu.

Jambo moja ambalo watungaji wa programu hulisahau, na wewe usilisahau, ni nani hasa anashinda na mtoto. Mama anarudi saa mbili usiku, na mchana kutwa mtoto yuko na bibi, au na dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na minane. Mhudumu akimfundisha mama siku ya mapumziko, somo linalala kwa mama. Panga siku ambayo yule anayeshinda na mtoto yupo, na umpe heshima ya kuwa mwanafunzi. Kwa bibi, usianze na “watafiti wanasema.” Msalimie, “Shikamoo bibi,” umwache aitikie “Marahaba,” kisha mwombe amwimbie mjukuu nyimbo alizokuimbia wewe, na amtegee vitendawili anapoanza kuongea. Kwa dada wa kazi, mwambie wazi kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake na si uvivu. Wapo waajiri wanaomkaripia dada akikutwa ameketi chini anacheza na mtoto huku vyombo vinasubiri. Hapo wanakata mzizi kwa mikono yao.

Baba naye. Nchini Rwanda, programu ya Sugira Muryango hupeleka waelekezaji nyumbani kwa familia zenye watoto wadogo, na baba hualikwa kwenye mazungumzo hayo tangu mwanzo. Walipoipima, adhabu kali kwa watoto zilikuwa zimepungua. Ukiwa baba unayesoma hapa, usisubiri mwaliko. Mtoto anayeogopa sauti ya baba yake mlangoni hatarudi kwenye bakuli zake mpaka baba alale. Chukua dakika kumi za jioni, kabla ya taarifa ya habari, ziwe zako na yeye.

Kuna watakaoniambia kwamba programu za namna hii hazidumu, na wana hoja. Nchini Kolombia kulikuwa na programu kama hii, na mwelekezaji wa wazazi alikuwa mwanamke kiongozi wa hapohapo mtaani. Watoto 1,420 wa familia zilizokuwa zikipokea ruzuku ya serikali waliingizwa kwenye utafiti, na matembezi ya kila wiki yakaendelea kwa miezi 18. Mwishoni, waliotembelewa walikuwa mbele kwa uelewa. Miaka miwili baadaye walipopimwa tena, tofauti ilikuwa imepotea. Sasa angalia mkoa wa Sindh nchini Pakistan, ambako wahudumu wanawake wa serikali waliongezewa kazi ya kuwaelekeza akina mama juu ya mchezo na mazungumzo kwa miaka miwili ya kwanza ya mtoto. Watoto wao walipofika miaka minne bado walikuwa mbele, hata katika stadi zinazomwandaa mtoto kwa shule. Sitajidai kuwa na ufunguo wa fumbo hili. Ila nikiziweka Jamaika, Kolombia na Pakistan mezani, naona sababu ya kutotegemea mradi peke yake. Mhudumu akiacha kuja mtoto akiwa na miaka miwili na nusu, ndipo nyumba inapoanza kuachiwa kazi.

Basi usiache hapo. Kati ya miaka miwili na nusu na darasa la awali, michezo ikue na mtoto. Bakuli tatu ziwe hesabu: leta mbili, bakiza moja. Hadithi ya sungura na fisi ikatishwe katikati, umuulize, “Unadhani fisi atafanya nini?” Ukienda dukani, yeye ndiye amwambie muuzaji, “Naomba sabuni moja.” Mpe kijiti aandike mchangani. Haijalishi akichora mistari isiyo na maana, mkono unajifunza. Na akikuuliza “kwa nini” mara ya kumi, mjibu ya kumi pia, hata kwa kifupi. Mtoto aliyezoea kujibiwa nyumbani ndiye anayenyoosha mkono darasani.

Halafu shule ikianza, usikimbilie kupima. Watoto wa Kingston walipopimwa wakiwa na miaka 7, tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Mwandishi wa habari angeandika kwamba mradi umeshindwa. Tofauti ilikuja kuonekana wazi baadaye. Uingereza nako, manesi walikuwa wakiwatembelea wasichana waliopata mimba wakiwa na miaka 19 au chini ya hapo, na ripoti ya mwaka 2016 ilisema hapakuwa na faida katika mambo waliyoyalenga kwanza, kama uvutaji sigara wakati wa ujauzito na uzito wa mtoto anapozaliwa. Watoto walipofika umri wa shule na kumbukumbu zao kuangaliwa, waliotembelewa walionekana kuwa tayari zaidi kuanza masomo. Kwa hiyo mwanao akirudi na nafasi ya 31 kati ya 60 muhula wa kwanza, usiseme muda wako umepotea. Muulize mwalimu mambo mengine: anakaa na kusikiliza hadithi hadi mwisho? Akikosea anajaribu tena, au analia? Anauliza?

Kwa mama ambaye moyo umechoka, nina neno la pembeni. Mjini Memphis, Marekani, kuanzia mwaka 1990, manesi walikuwa wakiwatembelea akina mama wenye kipato kidogo waliobeba mimba ya kwanza, tangu ujauzito hadi mtoto anafika miaka miwili. Shuleni, faida ilionekana zaidi kwa watoto wa wale walioanza wakiwa hoi, wenye msongo na wasiojiamini. Kama unaamka huoni sababu ya kuamka, au mtoto akilia unatamani kukimbia, hilo ndilo la kumwambia mhudumu kabla hajafungua kadi. Usifiche kwa kuona aibu. Anaweza kukuelekeza kituo cha afya, na ziara hizi zilianzishwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Na kama mtaani kwako hakuna mhudumu anayefika? Magharibi mwa Kenya, mradi ulioitwa Msingi Bora uliwakusanya wazazi wa vijijini kwenye vikundi vya kila baada ya wiki mbili, wakajifunza pamoja kucheza na kuzungumza na watoto. Vijiji vingine vilipata vikundi pamoja na matembezi ya nyumbani. Watoto wa vikundi pekee hawakufanya vibaya kuliko wale waliopata vyote. Kikundi tayari unacho: VICOBA, kikundi cha kanisa au cha madrasa, akina mama wa kliniki ya Jumanne. Tengeni dakika 30 kabla ya kuhesabu hisa. Mmoja alete chupa, mwingine bakuli, watoto wawe katikati ya mkeka, na kila mama acheze na wake huku wenzake wakimwangalia. Mtacheka sana siku ya kwanza. Ya tatu mtaanza kukosoana, na hapo ndipo kikundi kinapoanza kufanya kazi.

Hili la mwisho ni la mkutano wa kijiji au mtaa. Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021, na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Kenya nayo, mwaka 2023, iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Karatasi zipo, watu wapo. Simama uulize: mhudumu wetu ana kaya ngapi? Kati ya hizo, ngapi zina mtoto wa chini ya miaka mitatu, na hizo anazifikia mara ngapi kwa mwezi? Amefunzwa malezi, au chanjo na malaria peke yake? Posho yake inafika kwa wakati? Omba majibu yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao, na kikao kijacho kianze kwa kuyasoma.